Kazi Haingoji Barua ya Ajira

Cheti cha kifo cha Walter Rodney kilisema marehemu hakuwa na kazi, na kwamba alikufa kwa bahati mbaya. Mtu mwenyewe alipata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24, alifundisha miaka kadhaa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na aliandika kitabu ambacho mwanafunzi wa historia ya Afrika hawezi kukikwepa hata akitaka. Usiku wa tarehe 13 Juni 1980, mjini Georgetown, Guyana, bomu lililofichwa ndani ya redio ya mawasiliano lilimlipukia akiwa kwenye gari na nduguye Donald. Donald alipona. Walter alikufa, miaka 38 tu. Serikali ya Guyana ilingoja hadi mwaka 2021 ndipo ikatangaza kwamba cheti kirekebishwe: kazi ya marehemu ni profesa, na alichofanyiwa ni mauaji.

Neno lile "hana kazi" lina historia yake. Mwaka 1974 Rodney alirudi kwao kwa kuwa Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimempa uprofesa wa historia. Kabla hajaingia darasani, uteuzi ukafutwa. Serikali ya Forbes Burnham haikumtaka karibu na wanafunzi. Basi waliomnyima ajira ndio hao hao ambao makaratasi yao yalikuja kumwita asiye na kazi.

Sasa hesabu alichokifanya huyo asiye na kazi katika miaka yake sita ya mwisho. Alitafiti na kuandika historia ya wafanyakazi wa Guyana ya miaka ya 1881 hadi 1905, kitabu kilichotoka mwaka 1981 yeye akiwa kaburini, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Albert Beveridge ya chama cha wanahistoria wa Marekani. Aliandika vitabu vya watoto. Alishiriki kuujenga muungano wa Working People's Alliance. Alifundisha wachimbaji wa boksiti kule Linden na wakata miwa wa pwani. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Guyana husimama juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, ile nafasi ya chini ya nyumba ilikuwa darasa lake: viti vichache, taa, majirani, na mwalimu asiye na mshahara.

Nakuandikia wewe mwenye shahada kabatini na barua za maombi zisizojibiwa. Nakuandikia pia wewe mwenye ajira uliyeacha kusoma siku ile ulipothibitishwa kazini. Sisemi njaa ni jambo la kubeza. Rodney alikuwa na mke, Patricia, na watoto watatu, na familia hiyo ilibana matumizi kwelikweli. Kuna vipindi alilazimika kwenda kufundisha ng'ambo ili wale. Ninachosema ni kwamba ajira ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine. Ajira mtu anaweza kukunyima. Kazi hakuna awezaye kukunyima, ila uvivu wako.

Tuitazame basi kazi yenyewe, maana wengi wanaomshangilia Rodney hawajui jinsi alivyotoka jasho. Kila tarehe 13 Juni picha yake huzunguka kwenye simu zetu, ndevu na miwani, na chini yake maneno makali kuhusu ubeberu. Vizuri. Lakini mwulize aliyeirusha picha hiyo amesoma kurasa ngapi za mtu huyo, uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Alizaliwa Georgetown tarehe 23 Machi 1942, baba fundi cherehani, mama mshonaji. Baba alikuwa mwanachama wa People's Progressive Party, na mwaka 1953, wakati wa uchaguzi wa kwanza ambao kila mtu mzima alipiga kura, kijana Walter wa miaka 11 aligawa vipeperushi vya chama nyumba kwa nyumba. Chama kikashinda. Serikali yake ikadumu siku 133, kisha Waingereza wakaleta askari na kuisimamisha katiba. Mtoto wa umri huo akishuhudia kura za wazazi wake zikifutwa hivyo, kwake siasa haibaki tena somo la darasani.

Angeweza kuishia kwenye hasira. Hasira ni rahisi, na wenye hasira ni wengi. Yeye alisoma. Alipata nafasi Queen's College, shule bora ya koloni lile, kisha udhamini wa kwenda Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, Jamaica, akamaliza mwaka 1963 na daraja la kwanza katika historia. Akaenda London kusomea uzamivu, na hapo ndipo ningependa kila kijana anayejiita mwanaharakati asimame kidogo.

Alichagua kuandika juu ya pwani ya Guinea ya Juu, nchi zinazoanzia Gambia kushuka hadi Sierra Leone na kidogo ng'ambo yake, tangu mwaka 1545 hadi 1800. Nyaraka za eneo hilo ziliandikwa na wafanyabiashara, mabaharia na mapadri wa Kireno na Kihispania. Rodney hakuzijua lugha hizo, kwa hiyo alijifunza. Akaenda Lisbon, mji uliokuwa chini ya udikteta wa Salazar, wakati huo huo Ureno inapigana kuzuia uhuru wa Guinea-Bissau, Angola na Msumbiji. Akaketi kwenye meza za adui akasoma mwandiko wa karne nne zilizopita, ukurasa baada ya ukurasa. Akaenda Hispania na Italia pia.

Kwa nini ateseke hivyo? Kulikuwa na hoja iliyorudiwa sana na wasomi wa Ulaya: kwamba Wazungu walipofika pwani ya Afrika Magharibi waliukuta utumwa umeenea, wao wakanunua tu kilichokuwepo sokoni. Rodney hakujibu hoja hiyo kwa kupiga kelele kwenye bustani ya Hyde Park jijini London, ingawa Hyde Park nako alihutubia. Aliipeleleza nyarakani. Akaonyesha kwamba katika pwani ile Wareno wa mwanzo, watu waliojali kuandika kila walichokiona cha kuuzika, hawakuandika habari za tabaka kubwa la watumwa miongoni mwa wenyeji. Tabaka hilo linaonekana baadaye, biashara ya Atlantiki ikishakomaa. Biashara ndiyo iliyouzalisha utumwa ule, kisha watetezi wake wakageuza matokeo yakawa sababu.

Na hakuishia kwa Wazungu. Katika kazi hiyo hiyo aliwaanika watawala na wafanyabiashara wa Kiafrika walioshirikiana na wanunuzi na kutajirika kwa kuwauza wanyonge wao. Hili huwa halipigiwi makofi kwenye mikutano. Yeye aliliandika, kwa sababu nyaraka zilisema hivyo na kwa sababu hakuwa na mpango wa kuwavika kanzu nyeupe wakubwa wa jana ili wakubwa wa leo wapate kivuli. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini mwandishi huyu. Mwanahistoria anayewakosoa wageni tu ana nusu ya ujasiri.

Alipohitimu mwaka 1966 alikuja Dar es Salaam kufundisha, na mwanzoni mwa 1968 alirudi Jamaica kuwa mhadhiri Mona. Mhadhiri wa kawaida angekaa kilimani na vitabu vyake. Rodney alishuka. Alikwenda kwenye uwanja wa michezo, kwenye vichochoro vya Kingston, kwa Marastafari ambao polisi waliwafukuza na wasomi waliwacheka. Aliketi nao chini, juu ya mawe na mapipa, akawasimulia falme za Afrika, na yeye akasikiliza. Alisema wazi kwamba alijifunza kwao. Serikali ya Jamaica ikaona hatari. Mwezi Oktoba mwaka huo alikwenda Montreal kwenye mkutano wa waandishi weusi, na aliporudi tarehe 15 akazuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi wakaandamana kutoka Mona kwenda mjini, watu wa mitaani wakaungana nao, na Kingston ikawaka. Watu walipoteza maisha.

Tafakari jambo hilo. Hakuwa na bunduki, hakuwa na chama, hakuwa na hata mwaka mzima nchini humo. Alikuwa na historia na utayari wa kukaa chini. Serikali yenye jeshi ikamwogopa.

Mwaka 1969 alirudi Tanzania, akakaa hadi 1974. Azimio la Arusha lilikuwa changa, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa na ofisi mjini, na Mlimani kulikuwa kunachemka. Wanafunzi wa umoja wa USARF walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili na jarida lao, Cheche. Humo walikuwemo Karim Hirji, Issa Shivji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni. Rodney alikuwa mwalimu wao, na mara nyingi alikaa nao kama mwenzao.

Usidhani walibembelezwa. Mwezi Desemba 1969 Rodney alitoa mada kwenye semina ya vijana, maneno yakawa ya moto kupita kiasi, na gazeti la TANU, The Nationalist, likamjibu kwa tahariri kali. Wengi wanaamini aliyeshika kalamu alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Novemba 1970 USARF ikapigwa marufuku na Cheche nayo ikafungiwa. Rodney alijibu alichoona kinajibika, akapokea kilichostahili kupokewa, akarudi mezani kuandika. Hakususa. Kijana wetu wa leo, akikosolewa mara moja mtandaoni anafunga ukurasa na kutangaza kwamba nchi haina shukrani.

Alichokuwa anakiandika kilitoka mwaka 1972: How Europe Underdeveloped Africa, maelezo ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wachapishaji walikuwa wawili, Bogle-L'Ouverture, kampuni ndogo ya Weusi jijini London, na Tanzania Publishing House, shirika letu la umma lililoongozwa na Walter Bgoya. Abdulrahman Mohamed Babu aliandika maneno ya mwisho. Rasimu ilisomwa na kukosolewa na Hirji na Mapolu, ambao ni vijana wake mwenyewe, na mwalimu akawashukuru kwa ukosoaji huo ndani ya kitabu. Angeweza kukipeleka kwa wachapishaji wakubwa wa Ulaya. Kitabu chake cha Guinea kilikuwa kimetoka Oxford mwaka 1970. Alitaka bei ambayo mwalimu wa shule na karani wanaweza kuilipa.

Nguvu ya kitabu hicho ni kwamba hakitegemei matusi. Anakupa hesabu, wewe mwenyewe unakasirika. Anakupeleka Ibadan kabla ya Vita Kuu ya Pili: Wazungu kama 50 walikuwa na hospitali yao ya vitanda 11, na Waafrika nusu milioni walikuwa na vitanda 34. Anakuonyesha reli zinazotoka shambani na mgodini moja kwa moja hadi bandarini, zisizounganisha jirani na jirani. Na pamoja na kuhesabu deni lote la mkoloni, anasema mzigo wa kuijenga Afrika uko mabegani mwa Waafrika. Wanaokitumia kitabu hiki kama cheti cha kusamehewa uzembe wetu hawakusoma hata dibaji.

Kwa nini basi aliondoka Dar, mahali alipopendwa hivyo? Sababu aliyoieleza baadaye inaniuma na kunitia nguvu kwa pamoja. Aliona kwamba mwanaharakati hana budi kuijua jamii kwa ndani: aucheke utani kwa kuwa ameidaka ladha ya matamshi, aende sokoni apatane bei kwa Kiswahili cha sokoni bila mtu kugundua kwamba ni mgeni. Akaona hilo kwake halitafika. Angebaki msomi anayeheshimiwa, si mtu wa hapa. Akarudi kwao, akijua kuna Burnham.

Wewe unao huo mtaji aliouona hauwezi kununulika. Unaujua utani wa Msukuma na Mzaramo, unajua bibi yako anaponyamaza ana maana gani, unajua lini mzee anasema kweli na lini anakupima. Mtu aliyejua Kireno cha karne ya 16 alikubali kwamba hapa utakuwa mbele yake daima. Umeufanyia nini mtaji huo?

Kule kwao aliukuta mgawanyiko mkali: wajukuu wa watumwa wa Kiafrika upande mmoja, wajukuu wa vibarua wa Kihindi upande wa pili, na wanasiasa wanaoishi kwa kuwagombanisha. Akarudi kwenye ile kazi aliyoizoea. Katika historia ya wafanyakazi alianza na tope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari maji yakijaa, na ili miwa iote, watumwa walihamisha kwa koleo tani zisizopungua milioni 100 za udongo mzito uliolowa, wakijenga kingo na mifereji. Wahindi walipoletwa baadaye, walifanya kazi juu ya udongo ule ule, wakinyonywa na mwenye shamba yule yule. Ukishamwonyesha mtu jambo hilo kwa ushahidi, ni vigumu kumchukia jirani yake kwa urahisi wa jana. Kwa watoto aliandika hadithi ya Kofi Baadu aliyetolewa Afrika na ya Lakshmi aliyetolewa India, ili kila mtoto amjue babu wa mwenzake. Mtu anayewindwa na polisi, aliyekamatwa Julai 1979 na kushtakiwa kwa uchomaji wa majengo ya serikali, anapata wapi muda wa kuwaandikia watoto? Aliuona umuhimu wake, ndiyo sababu.

Redio iliyomuua alipewa na Gregory Smith, sajini wa jeshi aliyejifanya rafiki. Tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2016 ilihitimisha kwamba Burnham aliujua mpango ule na alishiriki. Wapo wanaosema Rodney alimwamini askari haraka mno, na huenda ni kweli. Usiige hilo. Iga mengine.

Na yapo ya kuiga hapa hapa. Wakati wa Dar, Rodney na wenzake Kapepwa Tambila na Laurent Sago waliichunguza historia ya manamba, watu waliochukuliwa mbali kwenda kukata mkonge. Walitazama Tanga, iliyovuta watu, na Kigoma, walikovutwa watu hao. Kazi hiyo ilichapishwa Hamburg mwaka 1983. Unakijua kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi? Unaijua SILABU, ofisi iliyoundwa mwaka 1944 kusomba watu kwa ajili ya wenye mashamba? Wazee wa Korogwe na Muheza wanavijua. Ila mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960, akiingia shambani kwa mara ya kwanza, sasa ameshavuka 80.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Mlimani walisambaa vijijini kuwasikiliza wazee wa Maji Maji. Vita ile ilianza 1905, hivyo aliyekuwa mtoto wa miaka 10 alikuwa na miaka 73 walipomfikia. Waliwahi. Simulizi zile ndizo hazina tunayoitegemea mpaka leo. Wao walikwenda na daftari na penseli. Wewe una simu inayorekodi saa nzima na kupiga picha ya kipande kilichochakaa.

Kwa hiyo chagua jambo moja lililo karibu nawe, dogo: kambi ya mkonge, mgomo wa bandarini, shule iliyojengwa na wazazi, chama cha ushirika kilichokufa. Keti na wazee, usiwakatize. Kisha nenda ukawahakiki kwenye nyaraka, maana mzee naye husahau na mkoloni naye hudanganya. Ziko Upanga jijini Dar es Salaam, ziko Kilimani Zanzibar, na za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Utakuta vumbi na majalada yaliyofungwa kwa kamba. Omba jalada la kwanza, soma, nakili, omba la pili. Lugha ikikushinda, jifunze. Mwenzako alijifunza mbili. Ukiandika, mpe rafiki mkali akukosoe kabla hujampa rafiki anayekusifu. Halafu rudisha ulichoandika pale ulipokitoa: kisome barazani, kwenye kahawa, kwenye mkutano wa kijiji, wenye habari wakusahihishe mbele za watu. Nakala moja waachie wao, nyingine ipeleke nyarakani.

Hakuna atakayekulipa mwanzoni. Pengine hata mwishoni. Wazee wa mkonge hawana muda wa kungoja mradi wako upate mfadhili. Nenda kwao mwezi huu, na swali lako la kwanza liwe jina la kijiji walichokiacha.